Kinundu Tulichokiacha Mahali Pake

Juzi mjukuu wangu aliniomba mkasi wa kukatia karatasi za shule. Nikaushika upande wa makali, nikampiga nao kiganjani kwa mipini, paf, kama nilivyowapa madaktari mikasi maisha yangu yote ya kazi. Mtoto akanitolea macho, mdomo ukaanza kumtetemeka, kisha akaenda kunishtaki kwa mamake. Ndipo nilipojua kwamba nimestaafu kweli. Daktari ukimpa mkasi kwa kofi halii. Anakata, kisha ananyoosha mkono na kusema, "Uzi."

Nyinyi wenzangu mliobaki thieta mliniomba niandike habari za Garissa ya miaka ya tisini. Ya vyeo na mishahara sitayaandika. Vyeo vilipita kwa wengine, na mshahara ulipita kwangu bila kupiga hodi. Nitawaandikia watu na vifaa, na ile kesi ya Dahabo mliyonisikia nikiianza mara nyingi bila kuimaliza, kwa sababu kila nikianza analetwa mgonjwa. Leo haletwi mtu hapa kwangu, basi kaeni.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Nilipopangiwa Garissa mama yangu alinifungia samaki wa kukaanga tele, kana kwamba naenda mahali pasipo na mto. Mto upo, na samaki wamo. Ila wenyeji wana mbuzi, na mwenye mbuzi ukimtajia samaki anakuonea huruma, anadhani kwenu mna njaa. Wale samaki waliliwa na paka wa hospitali, nami nikaanza kula nyama na anjera, ule mkate wao mwembamba, kama watu wengine.

Siku yangu ya kwanza thieta nilipokewa na Daktari Omwenga, mpasuaji wa magonjwa ya wanawake. Alikuwa Mkisii mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukuuliza jambo lisilohusiana na lolote. Akaniangalia toka juu hadi chini. "Sista Riziki, unajua kupika?"

Nikawaka. Nimesoma miaka yote ile, nimevuka nchi, niulizwe habari za jikoni! Nikamjibu kwamba mimi ni muuguzi wa upasuaji, mpishi atafute kwingine. Hakukasirika. Alifungua kabati la vyombo akatoa upawa wa chuma, akanipa.

"Huu ndio utakaoushika zaidi kuliko mkasi," akasema.

Nyinyi mmezoea damu ya mfuko. Siku zile friji yetu ya damu ilikuwa na nafasi nzuri sana ya kuwekea damu, damu yenyewe ndiyo iliyokosekana. Mwanamke alipoletwa anavuja ndani ya tumbo, ile damu iliyojaa mle ilikuwa ndiyo damu pekee tuliyokuwa nayo, na ni yake mwenyewe. Tuliichota kwa upawa uliochemshwa, tukaichuja kwa shashi iliyokunjwa mara kadhaa juu ya faneli, ikashuka kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, ikatundikwa na kurudishwa kwa mwenyewe kwa mshipa wa mkono. Kazi inataka mkono usiotetemeka na mtu asiyesikia kinyaa. Kuna mwanafunzi mmoja, simtaji maana sasa ni mtu mkubwa, aliuona upawa unang'aa akaupeleka kwenye chumba cha chai. Tulimwacha akoroge sukari na kunywa, ndipo tukamweleza.

Aliyezitundika chupa hizo alikuwa Nzioka, mtoa usingizi wetu, Mkamba wa maneno machache aliyekaa kichwani pa mgonjwa na kidole kwenye mshipa wa shingo. Mashine ya kupima presha ilikuwepo, lakini Nzioka aliamini kidole chake. Umeme ukikatika, kidole hakizimiki.

Mwalimu wangu mwingine hakuwahi kusomea uuguzi. Alikuwa mhudumu wa wodi na mkalimani wetu, mama wa makamo tuliyemwita Eeddo Habiba; eeddo kwao ni shangazi. Kisomali changu wakati ule kilikuwa salamu na bei ya nyama, basi mgonjwa nilimjua kupitia kwake. Mimi na Kiswahili changu cha pwani nilipenda kuwaambia wanawake, "Mficha uchi hazai, mama, sema unaumwa wapi." Habiba akanivuta pembeni siku moja.

"Sista, wewe nasema asifiche uchi. Sawa. Lakini nasema mbele ya shemeji yake, mbele ya mzee, mbele ya ukoo yote? Toa watu kwanza."

Nikajifunza kutoa watu kwanza. Mpaka nastaafu hiyo ndiyo hatua ya kwanza niliyomfundisha kila mwanafunzi, kabla ya kunawa mikono.

Sasa niwaambie habari ya chupa. Daktari Omwenga alikuwa na darubini kwenye meza karibu na dirisha, akiifunika kwa leso isiingie vumbi. Juu yake palikuwa na rafu ya chupa za kahawa zilizooshwa na kutiwa fomalini. Wako watu wanaokusanya stempu. Yeye alikusanya ovari. Kila ovari iliyolazimika kutolewa kwa ugonjwa alikata kipande, akakipeleka Nairobi kwa mwalimu wake wa zamani, na baada ya muda vilirudi vipande vyembamba juu ya vioo, vimetiwa rangi. Hapo alikuwa haambiliki. "Njoo uone, Riziki." Nami nilikwenda, kwanza kwa heshima, baadaye kwa sababu nilipenda.

Alichokuwa akikitafuta ni hiki, nakieleza kama alivyonieleza. Kila mwezi kifuko kimoja cha yai hukua ndani ya ovari. Ukuta wake wa nje una mishipa ya damu, lakini tabaka la ndani halina hata mmoja. Mishipa yote inakoma mpakani, kama magari kwenye kizuizi cha polisi pale darajani. Yai likishatoka, kizuizi kinafunguliwa. Kwa siku chache tu mishipa myembamba inachipuka na kuingia ndani kwa fujo, mpaka kile kifuko kitupu kinageuka kinundu cha manjano, na karibu kila chembe yake imekaa ubavuni mwa mshipa wake. Kinundu hicho ndicho kinachotengeneza homoni ya kuuandaa mji wa mimba. Mimba isipoingia, mishipa inanywea, kinundu kinafifia na kubaki kovu jeupe, na mwezi unaofuata mambo yanaanza upya. Mimba ikiingia, mimba yenyewe, changa vile, inakipelekea kinundu salamu kwamba kisiondoke. Basi kinabaki, na mishipa yake inabaki, kinailisha homoni mpaka kondo la nyuma lipate nguvu ya kuchukua kazi.

"Nani anaiita hiyo mishipa?" nilimuuliza.

"Chembe zenyewe. Zikiamriwa na homoni za kichwani, na zikikosa hewa, zinatoa kitu, mjumbe. Wenzetu ng'ambo wamekwisha kumpa jina refu. Lakini kuitwa si ajabu, Riziki. Hata kidonda kinaita mishipa. Hata uvimbe wa saratani unaita. Ajabu ni nani anayeiambia basi. Kwenye saratani hakuna anayesema basi. Hapa, kila mwezi, kuna anayesema, na mishipa inasikia. Breki iko mahali fulani humu."

Akagonga kioo kwa ukucha. Alikuwa navyo vinundu vya katikati ya mwezi, vya mwisho wa mwezi, na makovu meupe ya kila namna. Kimoja tu hakuwa nacho: kinundu cha mimba changa, kile kilichoambiwa kisiondoke. Kwa kukilinganisha na vingine, alisema, angeona mishipa inafanya nini inapoambiwa ibaki. Lakini nani atakitoa hicho kwa mtu? "Hakipatikani," alisema, "na Mungu anisamehe siku nikikiombea." Hata hivyo chupa yake aliiweka tayari mwisho wa rafu, safi, haijaandikwa kitu.

Na vipande hivyo vilikuwa na mdai wa pili. Kwetu Waislamu kiungo kikitolewa mwilini huzikwa. Kwetu Malindi watu walingoja nyumbani wapelekewe. Garissa walingoja mlangoni mwa thieta na kitambaa cheupe cha bafta mkononi, jamaa nzima, na mlango ukifunguka wote walisimama. Daktari naye anataka kipande chake cha darubini. Aliyesuluhisha alikuwa Habiba, na alisuluhisha kama watu wanavyouziana ngamia, bila haraka.

"Daktari naomba kipande kidogo tu, kama ukucha. Ile ingine yote ni yenu."

"Ukucha ya kidole gani?" mzee mmoja aliuliza, na hakuwa akitania.

"Kidole ndogo."

"Ya mkono ama ya mguu?"

Wakishakubaliana, daktari alikikata kile kipande mbele ya macho yao, wakakiona kinaingia chupani, kilichobaki kikafungwa kwenye bafta na kwenda kuzikwa. Hakukatwa mtu kipande kwa siri, hata mara moja. Nawasisitizia hili nyinyi mnaopenda kusema jamaa za wagonjwa ni wagumu. Watu wale hawakuwa wagumu, walitaka waone.

Dahabo aliletwa asubuhi moja ya kiangazi kikali, amelazwa nyuma ya Landrova ya mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Sangailu, upande wa Ijara. Msichana mwembamba, ndani ya kope na viganja mweupe kama karatasi, tumbo limekaza, akikaa tu anazirai. Alikuwa na watu wawili: mamamkwe wake, Kadija, mama mrefu mkavu asiyepepesa macho, na ami yake, mzee Bare, ambaye Dahabo alimwita adeer. Mumewe alikuwa ameondoka na ng'ombe kutafuta majani, na hakuna aliyejua yuko wapi hasa.

Habiba akatoa watu kwanza. Kisha akatuletea habari: Dahabo hajaona siku zake miezi miwili. Mimba mbili zimemtoka kabla ya hii. Kwao wameanza kusema wampe mumewe mke wa pili, na anayekataa ni Kadija peke yake, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemchagua msichana huyu. "Nasema, kama naamka bila mtoto, afadhali hakuna kuamka," Habiba alimalizia kwa maneno ya msichana. "Mimi nimemgombeza. Lakini ndiyo nasema."

Mkojo ulipopimwa tukakuta ana mimba. Mimba, maumivu, na tumbo lililojaa damu: hata nyinyi mngesema mimba imekaa kwenye mrija na mrija umepasuka. Daktari naye alisema hivyo. Skrini ya kuchungulia tumbo hatukuwa nayo. Mzee Bare akaelezwa, akasikiliza hadi mwisho, akatia dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa.

"Toeni kile kinamuua," akasema. "Halafu tuletee, tuzike."

 Kadija alitia mkono chini ya shuka lake akatoa kipande cha bafta kipya, akakikunjua, akakikunja tena, akaketi nacho mapajani.

Tukafungua. Damu ikatujia mpaka kwenye viatu. Nilichota kwa upawa, nikachuja, Nzioka akatundika, nikachota tena. Tumbo lilipoanza kuonekana daktari akaingiza mkono, akautoa mrija wa kwanza. Mzima. Akautoa wa pili. Mzima, laini, hauna kitu.  Kisha akainua ovari ya kulia, na juu yake kulikuwa na kinundu cha manjano kikubwa kama kunazi lililoiva, kimepasuka upande, damu inatoka kwenye ufa ule bila kukoma. Akaugusa mji wa mimba kwa vidole viwili. Ulikuwa umevimba kidogo, mlaini, wa rangi ya zambarau.

"Mimba iko mahali pake," akasema taratibu. "Hiki ndicho kinachoilisha."

Nikaelewa, maana nilikuwa nimeona vile vioo. Kinundu kile kilikuwa kimejaa mishipa michanga iliyoitwa juzi tu, na mishipa michanga haina ukuta wa kutegemewa. Kuitoa ovari yote ilikuwa kazi fupi: koleo mbili, uzi mmoja, damu imekata. Lakini kondo lilikuwa bado halijaweza kazi, na homoni ya sindano ya kuziba pengo hilo sisi hatukuwa nayo. Ovari ikitoka, na mimba itafuata.

Nzioka akainua kichwa. "Daktari, mshipa unakwenda mbio. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Toa."

"Nikitoa hii nimetoa na mtoto."

"Usipotoa unaweza kupoteza wawili."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitia hofu.  Dole gumba la mzee lilikuwa limeruhusu kutoa. Na kile kinundu, jamani, ndicho hasa alichokitafuta daktari tangu nimjue. Hakuna ambaye angemlaumu. Nikamwona anainua macho, yanapita juu ya bega langu, yanakwenda kwenye rafu iliyoonekana kupitia mlango wa chumba cha pili. Nilimkasirikia hata kabla hajafanya lolote. Nikasema moyoni, ewe Mola, asikitamani.

"Mwambieni mtu aifunike ile chupa," akasema. "Sista, shashi ya moto."

Shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Akaikunja juu ya ufa, akachukua vidole vyangu akavipanga. "Bonyeza hapa. Usisugue, na usichungulie. Ukichungulia unavunja kilichoanza kuganda." Yeye akashika upawa. Nilimwona daktari bingwa anachota na kuchuja damu huku mimi nimesimama nimeshika ovari ya mtu, natokwa jasho, na nzi mmoja aliyeingia sijui wapi ananizunguka sikio. Nzioka akawa anasema tu: "Bado. Bado. Bado." Halafu baada ya muda mrefu, hata mgongo ukaniuma, kwa sauti ileile, akasema, "Unatulia."

Daktari akainua shashi. Damu ilikuwa bado inachuruzika, kidogo. Nikampa uzi mwembamba kuliko wote tuliokuwa nao. Mshono wa kwanza ulikata nyama ukapita, kama kushona uji. Akaniambia nibonyeze tena. Mshono wa pili aliutia juujuu, upana zaidi, akaufunga bila kuvuta. Ukashika. Akatia mwingine ubavuni mwake. Tukasubiri tukitazama, vichwa vitatu juu ya tumbo moja, na pale palibaki pakavu. Nilitaka kumkumbatia Nzioka, lakini nilikuwa na glavu.

Mnadhani kazi iliishia hapo. Kazi ilikuwa mlangoni.

Mlango ulipofunguka wakasimama. Kadija amenyoosha bafta kwa mikono miwili. Daktari akasema mgonjwa yuko hai, alhamdulillahi, na hakuna kilichotolewa.

Bafta ikabaki imenyooshwa. Kadija akatazama mikono ya daktari, akatazama mikono yangu, akamtazama Habiba. "Wewe nafungua mtu, nafunga, hakuna kitu natoa? Sasa ile kitu ya kumuua iko wabi?"

Mzee Bare alikuwa mkali zaidi. "Hii ni hosbitali ama ni mchezo? Mimi nimeweka kidole. Nimesema toa." Kisha akasema lile alilokuwa akilifikiri, na akalisema kwa sauti makusudi ili sote tulisikie: "Watu nasema huyu daktari naweka nyama ya watu kwa chuba. Ukucha tunajua. Leo umechukua yote."

Nilitamani kujibu, na nilikuwa na jibu la Kimalindi lenye makali. Habiba akanikanyaga mguu. Daktari akaingia ndani, akarudi na ile chupa ya kahawa, bado imefunikwa kitambaa. Akakivua akampa mzee. Fomalini tupu, safi, unaona mpaka chini.

"Na mimi pia sikupata," akasema.

Mzee aliigeuza chupa, akaitikisa, akaichungulia juani. Ndipo daktari akamweleza Habiba ile habari ya kinundu na mishipa na mimba, polepole, na Habiba akawageukia akaanza Kisomali. Nilisikia neno moja likirudi tena na tena, silanga, bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo. Baadaye aliniambia alivyosema. Mvua ikijaza silanga, njia zinajitokeza zenyewe kutoka kila upande, za ng'ombe na za watu. Silanga likikauka, njia zinaota majani na hakuna anayezifuta. Tumboni mwa Dahabo kuna silanga dogo limejaa, na anayekunywa hapo ni mtoto. Njia moja imebomoka ikamwaga. Daktari ameziba njia, silanga ameliacha. "Nikawauliza, nyinyi nataka afukie?"

Hakuna mfugaji wa Ijara, katikati ya kiangazi, atakayekwambia ufukie silanga. Bare akamrudishia daktari chupa. "Na kama hakuna mtoto?"

"Nimeona dalili, mtoto sijamwona," daktari akajibu. "Anaweza kuwepo na bado akatoka. Hapa inaweza kupasuka tena. Asiende mbali na hospitali mpaka kondo lishike kazi. Sikuahidi kitu, mzee."

Habiba akatafsiri neno kwa neno, hakutia asali. Kadija alisikiliza akikunja bafta, robo, kisha robo ya robo. Akairudisha chini ya shuka. "Hii mimi naweka," akasema, na hatukujua anaiwekea nini.

Bare akarudi Sangailu kuwaeleza watu. Kadija akabaki. Alipanga chumba kwenye bula moja, mtaa wa wenyeji nyuma ya hospitali, akamtunza mkwewe kama yai, na kila asubuhi alisimama mlangoni pa wodi na kibuyu cha maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi. Kikombe cha kwanza changu, na anasimama mpaka nimalize. Wanaosema maziwa yale ni matamu wamezaliwa nayo. Mimi nilikunywa kwa adabu, na baada ya kumeza aliniuliza swali moja tu, "Nashika?" Nami nikajibu, "Inashika, mama, inshallah."

Alasiri moja hakuja na maziwa. Alikuja mbio, shuka limeanguka begani, na Dahabo nyuma yake kwenye mkokoteni wa punda. Kulikuwa na damu kwenye nguo, kidogo. Daktari akamlaza, akampima, akasema hakuna la kufanya ila kulala na kungoja. Dahabo alilala ametazama ukuta, akauma ncha ya mtandio. Kadija akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na ile bafta mkononi. Nilipoiona nikaenda kulia kwenye chumba cha vyombo. Nasema kweli, nililia. Nilijua anajiandaa kupewa cha kuzika.

Damu ilikata kabla ya asubuhi ya pili. Haikurudi. Wiki zikapita, na siku moja daktari aliuweka mkono juu ya tumbo la Dahabo akaukuta mji wa mimba umepanda juu ya nyonga, mgumu na wa duara, akasema kondo sasa linajitegemea. Kinundu kitaanza kunywea, mishipa itaambiwa basi, kazi yake imekwisha. Alilisema kwa furaha, kisha nikamwona amekuwa mtu wa mawazo. Yule anayesema basi alikuwa anasema wakati ule ule, chini ya kiganja chake, naye hakuwa na njia ya kumwona.

Wakaondoka. Kisha mvua ikanyesha, barabara ya Ijara ikawa matope, na hapakuwa na simu za mkononi za kuulizia. Kila gari lililofika kutoka upande ule nilimtuma Habiba akaulize. Hakuna aliyejua. Mtu ukikosa habari muda mrefu unaanza kujipa habari, na zangu hazikuwa nzuri. Daktari hakuuliza, lakini nilimwona anatoka nje kila akisikia Landrova.

Ardhi ilipokauka, asubuhi ya zamu ya kawaida, nilikuwa naukunjia upawa shashi ili uchemshwe nikasikia Habiba anapiga vigelegele korido nzima, mwanamke aliyenifundisha mimi adabu za hospitali. Nikatoka. Dahabo alikuwa anatembea kwa miguu yake, mashavu yamejaa, mzee Bare nyuma yake amevaa kofia mpya. Mbele yao Kadija, amebeba kitu kimefungwa vizuri kwenye kitambaa cheupe ambacho mikunjo yake ya robo kwa robo ilikuwa bado inaonekana.

Alinipita bila salamu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Daktari Omwenga aliyekuwa amesimama mlangoni mwa thieta, kofia ya upasuaji kichwani, mikono imening'inia. Akafungua bafta kidogo juu. Alikuwa mtoto wa kike, macho wazi, nywele tele, anatutazama sote kama sisi ndio tuliochelewa.

"Ile kitu ulininyima," Kadija akasema, "hii."

Akampa. Daktari akampokea kwa mikono miwili. Akainamisha uso karibu na mtoto. Kadija akasogea, akashika ncha ya bafta, akamwinulia kidole.

"Angalia tu, daktari. Hii, hata kibande kama ukucha, hukati."